Joto la mkaa linakwenda wapi? Shajara ya mradi wa ufanisi wa majiko, Morogoro

Januari, muhula ulipoanza

Mradi wa klabu yetu ya fizikia kwa mwaka huu unahusu majiko. Tunataka kujua, kwa vipimo vyetu wenyewe na si kwa kunakili jedwali la kitabuni, ni sehemu gani ya nishati iliyomo ndani ya mkaa au umeme inayoishia kwenye chakula, na ni sehemu gani inayokwenda kupasha moto hewa ya uani, kuta za jiko na miguu ya mpishi. Maswali ya mtihani kuhusu ufanisi huanza karibu yote kwa namna ileile: mashine ina ufanisi wa asilimia 80, tafuta kazi inayotoka. Mwanafunzi huzidisha, hugawanya na kupata alama zake, bila kujiuliza hiyo 80 ilipatikanaje, wala nani aliyeamua kipi kihesabiwe kuwa faida na kipi hasara. Mradi umeanzia hapo.

Nimependekeza majiko badala ya puli na mota za maabara kwa sababu hakuna mwanafunzi ambaye hajawahi kuwasha jiko, na kwa sababu jambo lenyewe liko mezani kwa nchi nzima. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Jiko la shule yetu limo katika kipindi hicho cha mpito, hivyo matokeo yetu yatakuwa na msomaji mwingine zaidi ya mwalimu anayesahihisha.

Kanuni tunazotegemea ni mbili. Ya kwanza ni kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo na kuhama kutoka kitu hadi kitu. Kwa hiyo tunaposema nishati imepotea, tunamaanisha tu kwamba imekwenda mahali ambapo hatukuihitaji, na kazi yetu ni kupataja mahali hapo. Ya pili ni kwamba ufanisi ni nishati yenye faida iliyopatikana, ikagawanywa kwa nishati yote iliyoingia, kisha ikazidishwa kwa mia. Kanuni ya pili inaonekana nyepesi, lakini ndiyo iliyotuletea mabishano mengi, kama kurasa zinazofuata zitakavyoonyesha.

Februari, kuandaa vifaa

Tumepata mizani ya kidijitali ya jikoni inayoonyesha tofauti ya gramu moja, vipimajoto vya kimiminika kutoka maabara, sufuria ya alumini yenye tungamo la nusu kilo, jiko la kawaida la chuma, jiko lenye kikombe cha udongo ndani, na birika la umeme. Mkaa tunaununua kwa kopo kutoka gengeni, tunauanika juani kabla ya kuupima na kuuhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa kuwa mkaa uliokaa wazi hufyonza unyevu wa hewa, na maji hayo yakishapimwa pamoja na mkaa yanahesabiwa kama mkaa ilhali yenyewe yanakula joto ili yageuke mvuke.

Utaratibu wa msingi ni huu. Tunatia kilo 2 za maji kwenye sufuria, tunapima halijoto ya mwanzo, tunapima mkaa kabla ya kuuwasha, tunachemsha, na baada ya jaribio tunaokota makaa yaliyobaki kwa koleo na kuyafungia ndani ya kopo la bati hadi yazimike kwa kukosa hewa. Hayazimwi kwa maji kamwe, maana mizani haiwezi kutofautisha mkaa na maji yaliyojificha ndani yake. Tofauti ya tungamo la mkaa tunaizidisha kwa megajouli 29 (jouli milioni 29) kwa kilo, ambacho ndicho kiasi cha kawaida kwa mkaa mkavu.

Majaribio yote ya mkaa yanafanyika nje, kwenye ukumbi ulio wazi nyuma ya maabara, na hilo si ombi bali ni sharti. Mkaa unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu waliolala na jiko chumbani. Kwa upande wa hesabu, gesi hiyo ni hasara pia: ni kaboni iliyoungua nusu, ikaondoka na nishati ambayo ingetolewa kama ingepata oksijeni ya kutosha.

Kabla ya kuwasha chochote tulijiwekea kipimo cha kulinganishia. Maji yetu huanza yakiwa na nyuzi 25 hivi na huchemka yakifika nyuzi 98, wala hayafiki 100. Wanafunzi kadhaa walikishuku kipimajoto, lakini Morogoro mjini ni takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Basi ongezeko ni nyuzi 73, na kwa kuwa kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili ipande kwa nyuzi moja, kilo 2 zinahitaji jouli 613,200 ili zianze kuchemka. Sufuria yenyewe, kwa alumini inayohitaji jouli 900 kwa kilo kwa kila nyuzi, inachukua jouli 32,850 tu. Tumeamua kutoihesabu sufuria upande wa faida, kwa kuwa hakuna anayekula sufuria.

Februari mwishoni, birika la umeme

Tulianza na umeme kwa sababu ndio rahisi kuupima, na pia kwa sababu tuligundua kwamba kifaa cha kupimia tulikuwa nacho ukutani siku zote. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayomweka kadiri umeme unavyotumika, na juu ya mita yetu imeandikwa kwamba taa humweka mara 1,000 kwa kila kilowati-saa, yaani kwa kila uniti moja. Kilowati-saa moja ni jouli 3,600,000, kwa hiyo kila mmweko ni jouli 3,600. Tukizima kila kitu kingine katika jengo, tukawasha birika peke yake na kuhesabu mimweko, tunapata nishati iliyoingia bila kununua kifaa chochote.

Birika lilitiwa lita moja na nusu, ambazo kwa ongezeko lilelile la nyuzi 73 zinahitaji jouli 459,900. Asubuhi, umeme ukiwa na volti 230, maji yalichemka kwa dakika nne na sekunde ishirini na kitu, na taa ilimweka mara 147. Hiyo ni jouli 529,200, na ufanisi ni asilimia 87. Jioni, watu wanapowasha taa na pasi zao mtaa mzima, volti hushuka hadi kama 200, na birika lilelile lilichukua karibu dakika sita. Hapa nilitaka kusikia wanafunzi watatabiri nini. Karibu wote walisema ufanisi umeporomoka, kwa sababu birika "limechoka". Mimweko ilikuwa 150, na ufanisi asilimia 85.

Jambo hili lilistahili kipindi kizima na tulilipa kipindi kizima. Nguvu ya umeme inayotumiwa na waya wa joto hufuata mraba wa volti. Kibandiko cha birika kinasema wati 1,850 kwa volti 220. Kwa volti 200 tunazidisha 1,850 kwa mraba wa 200 juu ya 220 na kupata wati 1,529 hivi, wakati kwa volti 230 tunapata wati 2,022. Birika limepoteza karibu robo ya nguvu yake. Lakini nguvu ni kasi ya kutoa nishati, si sehemu ya nishati inayofika inakotakiwa, na waya uliozama chini ya maji hauna pa kupeleka joto lake ila kwenye maji, uwe na kasi au uwe mzito. Tofauti ndogo ya asilimia mbili inatokana na muda: birika lililokaa na moto kwa muda mrefu zaidi limepata muda mrefu zaidi wa kuvujisha joto kupitia kuta zake. Mtu anaweza kuwa na jiko lenye nguvu kubwa na ufanisi mdogo, na hilo ndilo lililotukuta juma lililofuata.

Machi, majiko mawili ya mkaa

Kila kipimo kilirudiwa mara kadhaa na ninachoandika hapa ni wastani. Tulichemsha kilo 2 za maji bila mfuniko, na baada ya maji kuanza kuchemka tuliyaacha yaendelee kwa nusu saa, kwa kufuata mfano wa jaribio la kawaida la kuchemsha maji ambalo wapimaji wa majiko hulitumia. Jiko la chuma lilitumia gramu 340 za mkaa na kugeuza gramu 600 za maji kuwa mvuke. Jiko la udongo lilitumia gramu 225 na kugeuza gramu 650.

Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunahitaji takribani jouli 2,260,000, ambazo haziongezi hata nyuzi moja kwenye kipimajoto. Kwa jiko la chuma, basi, faida ni jouli 613,200 za kupasha maji pamoja na jouli 1,356,000 za mvuke, jumla 1,969,200, dhidi ya jouli 9,860,000 zilizotoka kwenye mkaa: ufanisi wa asilimia 20. Kwa jiko la udongo, jumla ya faida ni jouli 2,082,200 dhidi ya 6,525,000, yaani asilimia 32.

Kwa hiyo swali la kichwa cha shajara hii linapata jibu lake la kwanza. Katika jiko la chuma, jouli nane kati ya kila kumi haziingii kwenye maji. Ukiweka kiganja karibu na ubavu wa jiko, bila kuugusa, unazisikia baadhi yake zikikujia kwa mnururisho, kwani bati lililopata moto humulika joto pande zote kama taa isiyoonekana. Nyingine zinapanda na hewa moto pembeni mwa sufuria, zikipita nje ya kitako bila kukigusa vya kutosha. Nyingine zinashuka kupitia miguu ya jiko hadi sakafuni, na nyingine zimo kwenye kaboni monoksaidi niliyoitaja. Tulijaribu kuzigawa hasara hizi moja moja na tukakwama kwenye hewa moto, ambayo kipimajoto cha maabara hakiwezi kuifuatilia. Niliona ni afadhali kuandika kwamba sehemu hiyo imepatikana kwa kutoa hesabu nyingine zote kuliko kujifanya tumeipima.

Kikombe cha udongo kinasaidia kwa sababu udongo uliochomwa hupitisha joto kwa shida sana ukilinganishwa na chuma, makumi ya mara pungufu, hivyo ubavu wa nje unabaki na halijoto ya chini na joto linabaki chumbani mwa makaa. Jiko la namna hii lilienea Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiwa limetokana na wazo la jiko la ndoo la Thailand. Kiuno chake chembamba si pambo: kinabeba kikombe, kinapunguza bati la kumulika joto, na kinalifanya jiko lisipinduke mpishi anaposonga ugali.

Udongo, hata hivyo, haupewi joto bure. Kikombe cha kilo 3 hivi, chenye mahitaji ya jouli 900 kwa kilo kwa kila nyuzi, kikipanda kwa wastani wa nyuzi 275 kinakuwa kimemeza karibu jouli 740,000, ambazo ni zaidi ya zile zinazohitajika kuchemsha maji yetu yote. Tulipofanya jaribio fupi la kuchemsha chai tu na kuzima, jiko la udongo lilikuwa karibu sawa na la chuma. Sifa zake zinaonekana kwenye maharage, makande na nyama ngumu, pale joto lililomezwa mwanzoni linapopata muda wa kurudishwa. Anayechemsha chai asubuhi na kuondoka hana haja ya kulipa bei ya udongo, na sidhani kama wauzaji hulisema hilo.

Machi mwishoni, ubishi wa mvuke

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliuliza swali ambalo liligeuza mradi. Alisema: "Mwalimu, huo mvuke tunaouhesabu kuwa faida, nani anaula?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa barabara kabisa. Tumekataa kuihesabu sufuria kwa sababu hailiwi. Mvuke nao umeruka hewani na hauliwi. Mbona mmoja anawekwa kwenye faida na mwingine kwenye hasara?

Jibu la wapimaji wa majiko ni kwamba jaribio lao linapima joto lililofika kwenye sufuria, na mvuke ni ushahidi kwamba joto limefika. Linalotokea baada ya hapo si juu ya jiko, ni juu ya mpishi. Nalielewa jibu hilo na kwa mtengenezaji wa majiko linafaa. Lakini tulipoufuta mvuke kwenye upande wa faida, jiko la chuma lilishuka kutoka asilimia 20 hadi 6, na la udongo kutoka 32 hadi 9. Mkaa ni uleule, maji ni yaleyale, moto ni uleule. Kilichohama ni mpaka tuliouchora wenyewe kati ya faida na hasara.

Ili kuona mpaka huo unaleta madhara gani tulirudia jaribio la jiko la udongo, safari hii tukifunika sufuria kwa mfuniko unaokaa vizuri, na mara maji yalipochemka tukafunga mlango wa chini wa jiko hadi ukabaki mwanya wa kidole. Maji yaliendelea kuchemka kwa utulivu nusu saa nzima. Mkaa uliotumika ulikuwa gramu 130 badala ya 225, na mvuke ulikuwa gramu 150 tu. Sasa fuata hesabu: faida pamoja na mvuke ni jouli 952,200, nishati iliyoingia ni jouli 3,770,000, na ufanisi ni asilimia 25. Umeshuka kutoka 32. Kwa kanuni ya jaribio la kawaida, mpishi aliyefunika sufuria na kuokoa zaidi ya theluthi moja ya mkaa wake amepata alama mbaya kuliko aliyeiacha wazi ikitoka mvuke kama garimoshi.

Nimeuweka mfano huu kwenye ubao wa matangazo wa maabara, kwa sababu sijaona mfano mwingine unaoonyesha waziwazi namna hii kwamba asilimia ya ufanisi haina maana mpaka anayeitaja aseme amehesabu nini. Kifizikia hakuna fumbo: maji yanayochemka kwa kelele na maji yanayochemka kwa utulivu yana halijoto ileile ya nyuzi 98, na maharage huiva kwa halijoto na muda, si kwa kelele. Moto wote wa ziada unaotiwa baada ya kuchemka unakwenda kwenye jotofiche la mvuke, yaani lile joto la kugeuza maji kuwa mvuke bila kuongeza halijoto.

Kuna tanbihi ya kihistoria niliyowapa wanafunzi hapa, kwa ufupi. Benjamin Thompson, Mmarekani aliyekuja kuitwa Count Rumford, akisimamia uchongaji wa mizinga mjini Munich, aliona chuma kinavyopata moto kwa msuguano na mwaka 1798 akaeleza jaribio ambalo maji yaliyozunguka mzinga yalichemka baada ya saa mbili na nusu za kukereza, bila moto wowote. Ulikuwa ushahidi mkubwa dhidi ya dhana kwamba joto ni kimiminika kilichofichwa ndani ya vitu. Miaka ya 1840 James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, akapima kwa uzani unaoshuka na makasia yanayokoroga maji ni kazi kiasi gani inalingana na joto kiasi gani, na ndiyo maana tunahesabu kwa jouli. Kinachonifurahisha ni kwamba Rumford huyohuyo alikuwa pia mtengeneza majiko, na alilalamikia sana moto wa wazi unaopasha bomba la moshi kuliko chungu.

Aprili, jiko la shule na maharage

Mvua za masika zilitusimamisha kwa muda, kwani majaribio ni ya nje na mkaa ulikuwa haukauki. Tuliutumia muda huo kukaa na mpishi mkuu wa shule, ambaye wanafunzi humwita Mama, na ambaye amepika maharage ya mamia ya watu kwa miaka mingi kuliko umri wa wanaompima. Alitueleza kwamba yeye huloweka maharage usiku kucha na huvuta kuni nje mara sufuria inapochemka. Hakuwahi kuuona mlinganyo wa jotofiche, lakini alikuwa akiutekeleza.

Kutokana na mazungumzo hayo tuliongeza jaribio la kapu la kuhifadhi joto. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa dakika ishirini, kisha sufuria iliyofunikwa inatolewa jikoni na kuzamishwa kwenye kapu lililojazwa matambara na maganda makavu ya mahindi, ikafunikwa juu kwa mto. Hewa iliyonaswa ndani ya matambara hupitisha joto kidogo mno na haiwezi kuzunguka, na hivyo njia mbili kuu za joto kutoroka zinazibwa kwa pamoja. Baada ya saa tatu maji yalikuwa bado juu ya nyuzi 80, na maharage yalikuwa yameiva. Dakika ishirini za kuchemsha kwanza si za kurukwa, kwa sababu maharage yana sumu ya asili inayoharibiwa kwa kuchemshwa na haiharibiki kwa joto la wastani la kapu.

Sasa ni asilimia ngapi? Katika kapu hakuna mkaa unaoingia, kwa hiyo mgawanyo wetu una sifuri chini ya mstari na hauna jibu. Nilifurahi kwamba wanafunzi waliliona hilo wenyewe kabla sijasema.

Mei, kurudi nyuma hadi tanurini na Kidatu

Mpaka ukishahamishwa mara moja hauna sababu ya kusimama. Mkaa haukuanzia gengeni. Katika tanuri la kienyeji la udongo na majani, kilo 100 za kuni hutoa takribani kilo 10 hadi 20 za mkaa. Tukichukua 15, na tukizipa kuni kavu za kawaida megajouli 16 kwa kilo, basi megajouli 1,600 zimeingia tanurini na megajouli 435 zimetoka kwenye gunia, ambazo ni asilimia 27. Tukizidisha kwa asilimia 32 za jiko la udongo tunabaki na chini ya asilimia 9 ya nishati ya mti. Mafiga matatu ya bibi kijijini, ambayo kila kipeperushi kinayadharau, hutoa kati ya asilimia 10 na 15 kwa kuni moja kwa moja. Kwa upande wa moshi na macho ya bibi mafiga yanastahili lawama zote, lakini kwa upande wa mti, mkaa ndani ya jiko la kisasa haujayashinda.

Birika nalo lilipaswa kufuatiwa hadi kwao. Umeme wa mkoa wetu una asili iliyo karibu: Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, ambako mitambo yenye uwezo wa megawati 204 imo chini ya ardhi na maji huiangukia kutoka takribani mita 175. Kilo moja ya maji ikishuka mita 175 hutoa kani-uzito yake, niutoni 9.8, mara 175, yaani jouli 1,715. Tukikadiria kwamba mitambo inabadilisha asilimia 90 ya hizo kuwa umeme, na kwamba asilimia 15 ya umeme inapotea kwenye nyaya na transfoma, zinatufikia jouli 1,312. Birika letu lilihitaji 529,200. Basi ili kuchemsha lita moja na nusu za maji ya chai, karibu lita 400 za Ruaha zimeshuka Kidatu. Wanafunzi hawakuamini, wakarudia hesabu na kupata ileile. Sababu ni kwamba kupasha maji ni kazi nzito isivyotarajiwa: jouli 1,715 za kuanguka kwa mita 175 zingeweza kuyapasha maji hayohayo kwa nyuzi 0.4 tu.

Umeme wa gesi asilia una hadithi nyingine. Tabo (turbini) ya gesi ya kawaida hubadilisha karibu theluthi moja ya nishati ya gesi kuwa umeme, na mtambo unaotumia tena joto la moshi kuzalisha mvuke, kama ule wa Kinyerezi II, hukaribia nusu. Theluthi moja, mara asilimia 85 za njiani, mara asilimia 87 za birika, inatupa asilimia 24 hivi. Birika lenye asilimia 87 ukutani lina asilimia 24 ukilitazama kutoka kwenye kisima cha gesi cha Songo Songo, na zaidi ya 65 ukilitazama kutoka Kidatu. Ni birika lilelile.

Juni, uamuzi kuhusu ripoti

Rasimu ya kwanza ya ripoti ilikuwa na jedwali la majiko lililopangwa kwa asilimia za ufanisi, na baada ya majadiliano marefu tumeliondoa. Badala yake ripoti itakayokwenda kwa mkuu wa shule itatoa, kwa kila njia ya kupika, gramu za mkaa, gramu za gesi au uniti za umeme zinazohitajika kuivisha kilo moja ya maharage yaliyolowekwa, pamoja na muda, na asilimia itatajwa tu pale inapoambatana na sentensi inayoeleza mpaka wake uko wapi. Wanafunzi wawili wamepinga, wakisema mtihani wa taifa utauliza asilimia na si gramu, na hoja yao imeandikwa kwenye ripoti kama ilivyo.

Kilichobaki kabla ya kufunga muhula ni vipimo vya gesi. Mtungi wa kilo 6 na chuma chake umezidi uwezo wa mizani yetu ya jikoni, na kuchemsha maji yetu ya kawaida kunatumia gesi isiyofika gramu 30, kiasi ambacho mizani ya dukani haiwezi kukipima kwa usahihi. Duka la jirani lina mizani kubwa inayoonyesha tofauti ya gramu 10, kwa hiyo tutapika sufuria nzima ya maharage, saa mbili mfululizo, ili tofauti iwe kubwa ya kutosha kupimika. Mama amekubali tupikie kwenye zamu yake ya Jumamosi, kwa sharti kwamba maharage yatakayoiva yaliwe na si kumwagwa.